Mstari wa Manjano pale Muthara

Jumatatu, 3 Machi
Makena amenyonya saa kumi na moja. Uji, soksi, kisha basi la shule. Mwili umechoka kabla siku haijaanza. Watoto wa shule nimewashusha wote salama. Nikirudi na gari tupu, hapo Muthara, pikapu ya miraa ikanijia nyuma na taa zote. Hiyo huku hupishwa, haingoji mtu; miraa ikinyauka haiuziki. Kushoto, kando ya lami, kulikuwa na mtoto mdogo ameketi karibu na kreti za ndizi. Nikapisha kulia. Nikavuka mstari wa manjano wa katikati, ule usiovukwa. Pikapu ikapita kwenye njia yangu, polisi wakanisimamisha mimi. Shtaka ni kuendesha kwa hatari. Nimeachiliwa kwa bondi. Koti ni Alhamisi.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu Kirimi, mwenye shule, hakufoka. Afadhali angefoka. Amesema nikipatikana na hatia hawezi kunipa watoto wa watu tena. Mpaka kesi iishe, funguo ziko kwake. Kazi hiyo ndiyo inamlisha Makena. Baba yake alienda, simu hapigi.
Nimempigia Wawira, wakili wa Embu. Tulisoma pamoja Kibugu. Yeye akaendelea, mimi nikaishia kidato cha nne. Nimemwita wakili, akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Tumekutana Makutano asubuhi, tukaenda kotini pamoja. Hakunificha. Polisi ni wawili, mimi niko peke yangu. Nikikubali shtaka, pengine ni faini na tunamaliza leo. Nikikataa na nishindwe, leseni inaweza kwenda. Nikamuuliza kama angekuwa ni yeye angekubali. Akamtazama Makena mgongoni kwangu.
"Nani mwingine alimwona huyo mtoto wa kando ya lami?" akasema.
Nimesomewa shtaka. Nimesema si kweli. Kesi itasikizwa tarehe 19.

Jumapili, 9 Machi
Kutoka kanisani nimeenda kwa Mama Kanana, mwenye ndizi. Ameniambia hakukuwa na mtoto hapo. Anasema hivyo na mtoto mwenyewe ameshika sketi yake, ananiangalia. Ni mjukuu. Mama yake anafanya kazi Nairobi, amemwachia amtunze. Naona anaogopa binti yake asikie mtoto aliachwa peke yake barabarani.
Nimekasirika sana. Halafu nikamwonea huruma, na hiyo ikaniudhi zaidi.
"Mama, sitaenda kukusema kwa mtu," nikamwambia. "Lakini mimi nilimwona, na wewe unajua nilimwona."
Akaendelea kupanga ndizi.

Jumanne, 18 Machi
Shahidi hakuna. Wawira anasema koti inaweza kumwita Mama Kanana kwa lazima, lakini shahidi wa kuburutwa anaweza kutumaliza. Nimesema tusimburute. Sijui kama ni ujinga. Makena ana joto, fizi zimevimba, analia tu. Naogopa. Sina la kuongeza.

Jumatano, 19 Machi
Polisi amesema alichoona: gari upande usio wake. Wawira akamuuliza kuhusu pikapu. Akajibu kulikuwa na magari mengi. Hakimu si wa huku. Akaniuliza kwa nini sikusimama tu. Nikaeleza habari ya mtoto, lakini shahidi sina.
Wawira alikuwa anaomba dakika chache mlango ukafunguliwa. Mama Kanana, na kitambaa chake cha kanisa, mjukuu mkononi. Akaapishwa.
"Mheshimiwa, hiyo pikapu ikija, kwetu hata mbuzi hupisha. Huyu msichana angepisha kushoto kama wengine, hakuna mtu angemshtaki. Lakini kushoto kulikuwa na huyu mtoto. Ni mimi nilimwacha hapo nikaenda kutafuta chenji."
Hakumwangalia mtu yeyote akisema.
Nimeachiliwa. Hakimu amenionya: siku nyingine nipunguze mwendo mapema. Sawa. Ni kweli.
Nje nilitaka kumshukuru Mama Kanana. Alikuwa amegeukia ukuta, anaongea na binti yake kwa simu. Amemwambia mwenyewe kuhusu mtoto, kabla wengine hawajamwambia. Sauti ya huyo binti akifoka niliisikia hadi pale nilipokuwa nimesimama. Mama hakukata simu. Alikuwa anaitikia tu.

Ijumaa, 21 Machi
Nimepewa funguo. Watoto wamefika wote.
Nikirudi na Makena, nimesimama Muthara. Kreti za ndizi zimesogezwa hadi ukutani mwa duka, mbali na lami. Mjukuu amefungwa mgongoni kwa nyanya yake, amelala. Nimenunua ndizi, hatukuongea mengi. Mama Kanana amemfungua Makena mdomo kwa kidole, akachungulia.
Jino limetoka.