Gogo Hugeuzwa Kwanza

Naivasha, Jumatano

Baba,

Huko Elburgon bado kunanyesha? Huku ni jua tupu, na mvuke wa visima vya Olkaria unapanda kama vile mtu amesahau chai jikoni. Samaki wangu anapoa kwa sahani, lakini lazima nikuandikie sasa hivi!

Uliniuliza mafunzo haya ni ya nini, nikababaika. Ni hivi: kuna chembe za mwanga, ndogo mno. Ukipima moja, inaharibika papo hapo. Kwa hivyo maabara hupima nyingi zilizotengenezwa sawasawa, halafu sisi tunafundisha kompyuta itumie vipimo hivyo kutuambia chembe ilikuwaje kabla ya kuguswa.

Kompyuta yangu imekosea siku mbili. Nikaiongezea vipimo, ikazidi kukosea na huku inajiamini! Leo asubuhi nikakukumbuka pale kiwanda cha mbao, ukimfokea fundi mgeni: "We! Umeangalia upande mmoja tu. Geuza gogo kwanza, ndio uweke msumeno!" Kucheki vipimo vyangu, vyote vilipimwa kwa upande mmoja! Nikaweka na vya pande zingine, na kufika saa sita picha ya chembe ilivyokuwa ikatokea, safi kabisa. Nilipiga kelele, darasa zima likageuka.

Mwalimu akauliza ni nani alinifunza hivyo. Nikataja jina lako, Baba, na akaliandika ubaoni.

Vaa lile koti zito, na umwambie Mama ninakula vizuri. Jina lako bado liko pale. Nimewakataza kulifuta.

Wanjiru wako