Kiwiko Baada ya Sala

Kijiji cha Weidental,
Alberta, Kanada.
6 Novemba 2011

Mpendwa binamu yangu Dorothea,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. U hali gani, na magoti yako je, bado yanakusumbua katika baridi hii? Josua mumeo hajambo, na wajukuu? Sisi huku wazima, isipokuwa Jakob wangu kifua kimembana tangu theluji ya kwanza, na unavyomjua, akikohoa anataka kijiji kizima kipate habari.

Nimeona niandike kwa sababu simu ya jiko la kijiji haitufai mimi na wewe. Ningepiga kelele mpaka wapishi wote waijue siri yako, nawe bado usingenipata.

Mabata bukini tumeshawachinja. Kazi ya kunyonyoa ilichelewa kwisha mwaka huu, maana tangu mhame mikono ni nusu. Viazi vimejaa ghalani. Nyumba yenu amepewa Samuel na mke wake, yule anayecheka ovyo, na tayari wameupaka mlango rangi ya kijani. Nikipita hapo natazama kando.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Wiki iliyopita mwanangu Elias alirudi kutoka kwenu alikopeleka mbegu za ngano. Nikamuuliza habari zako. Akasema, "Mama, mama mkubwa Dorothea siku hizi ana maringo kweli. Watu wanamsalimia, yeye kimya. Juzi sala imekwisha, watu wote wamesimama, yeye kainamisha kichwa tu. Wasichana wakacheka mpaka basi." Akaongeza kwamba mara nyingi huendi kula na wenzako ukumbini, unaomba uletewe chakula nyumbani, ukisema unaumwa. Nikamtuma akaoshe trekta, kisha nikalia.

Maringo yapi! Ni mimi peke yangu ninayejua kwamba tangu ile surua ya utotoni sikio lako la kushoto limekufa, na la kulia linafuata. Unakumbuka ulivyonibana nyuma ya banda la kuku nisimwambie mtu? Ulitaka niape. Nikakukumbusha kwamba watu wetu hatuapi, basi ukaniminya mkono mpaka nikaahidi.

Na kwa kuwa huku tunaketi kwa umri, nawe ulinitangulia kuzaliwa kidogo tu, hakukuwa na wa kututenganisha shuleni, ibadani wala mezani. Sala ikifika amina, nakugonga kwa kiwiko. Mhubiri akitaja wimbo, nakufunulia ukurasa. Mtu akikusalimia, nakukanyaga mguu. Nililalamika sana, najua. Nikikuambia, "Dorothea, leo nipumzishe bwana," ulikuwa unanijibu kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Kwani nimekukaba?"

Halafu tukaambiwa kijiji kimejaa, lazima kigawanywe, nusu ihamie kijiji kipya. Kila mume akatakiwa achague upande, kwa mhubiri Paul au kwa mhubiri Zacharias. Ninyi mlikuwa mmeshachagua kwa Paul. Siku hiyohiyo ulikuwa umetangaza mbele ya wanawake wote jikoni kwamba unga wangu wa tambi ni mgumu kama soli ya kiatu. Jakob akaniuliza twende upande upi. Nikamjibu, "Wowote asipokuwepo Dorothea!" Naye, mtu asiyejua utani tangu azaliwe, akaenda akaandikisha hivyo.

Niliposikia, nikamwambia, "Jakob wewe, yale si yalikuwa maneno ya hasira?" Akasema, "Ungesema basi kwamba ni ya hasira." Tulipokwenda kuomba tuhamishwe, tukakuta pande mbili zimeshalingana, seremala huku, seremala kule, wazee huku, wazee kule. Hakuna aliyetaka kuanza upya kwa ajili yangu.

Tukafunga mizigo sote, maana hakuna aliyejua nani ataondoka na nani atabaki. Kura ya kuondoka ikaangukia upande wa Paul. Ninyi mkapakia malori, sisi tukafungua masanduku. Nilikuwa nimejiandaa kukuaga vizuri, lakini ulinikumbatia ukasema, "Haya, sasa utakula kwa raha." Hata ningekujibu, Dorothea, injini zilikuwa zinanguruma, usingenisikia.

Tangu wadogo tumefundishwa kwamba hakuna changu wala chako. Nyumba si yangu, hata sufuria ninayopikia si yangu. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kwangu, ile nafasi kando yako, nami nimekitupa kwa ajili ya tambi. Najuta, na majuto haya hayanitoki.

Nilimwomba mpishi mkuu nije na wanawake watakaokuja kuwasaidia kupaka nyumba rangi majira ya kuchipua. Amesema wanaotakiwa ni wenye magoti mazima. Kwa hiyo sijui tutaonana lini.

Ndiyo maana nakuomba jambo hili, usinikasirikie. Niruhusu nimwandikie Margareta, anayeketi kando yako sasa, nimweleze, ili awe anakugonga. Ni mpole, hatakutangaza. Ahadi niliyokupa nimeitunza maisha yangu yote na sitaivunja bila ruhusa yako, lakini siwezi kuvumilia ujifungie nyumbani na watu wakuite mwenye maringo. Nijibu hata kwa neno moja.

Nisalimie Josua, na binti yako Susanna, na yule mtoto wake mwenye madoadoa usoni. Jakob anakusalimu, na anakohoa. Mungu akulinde katika nyumba mpya, na baridi ya huko isikuzidi nguvu.

Kabla sijaifunga barua: siku ileile mlipoondoka, sote tulisogea mezani kujaza nafasi zenu. Kando yangu sasa yuko Justina, mwanamke mtulivu, hagusi hata kijiko cha mwenzake. Jumapili, sala ilipokwisha, nilijikuta nimemgonga kwa kiwiko. Akanigeukia taratibu akasema, "Rahel, mimi nasikia."

Wako akupendaye, hata ukiusema unga wangu,

Rahel