Keza na Gari la Mikate

Overport, Durban. Jumanne, Juni 2020

Leo jua limetoka mapema, lakini upepo ni ule wa baridi wa Juni, unaopita chini ya mlango. Nimeamka nikapangusa dirisha la upande wa barabara, na kitambaa kimetoka cheusi.

Nimefurahi.

Najua mtu atacheka. Nani anafurahia masizi ya magari? Lakini tangu lokdauni ianze dirisha hili lilikuwa safi, na shuka nilizoanika kwenye chuma cha balkoni zilikauka nyeupe mpaka nikashangaa kama ni zile zile zangu. Asubuhi tulisikia ndege. Tumbili walishuka mpaka katikati ya lami, wakakaa wanajikuna kama wenye nyumba. Hewa ilikuwa na harufu ya majani. Na mimi, kila nikipiga magoti, nilimwomba Mungu arudishe magari.

Kwa sababu Baba Keza analinda magari. Anasimama kwenye maegesho ya maduka na kizibao chake cha rangi ya chungwa, anawaelekeza madereva wakirudi nyuma, anaangalia gari mpaka mwenyewe amalize kununua vitu vyake, anapewa chochote. Magari yakikosekana, na hicho chochote hakipo. Mimi nasuka nywele, na kusuka nako kumepigwa marufuku. Tumekula mchele wa kanisani. Mama Gloria, Mkongomani wa ghorofa ya juu yetu, alikuwa anatushushia sombe, yale majani ya muhogo, ndani ya ndoo kwa kamba, huku anapiga kelele, "Mama Keza, pokea mbio, polisi watasema niko nauzisha!" Mungu ambariki Mama Gloria.

Lakini nisiseme uongo. Ilikuwa miezi mizuri pia.

Keza ana miaka minne, na hakuwahi kuwa na baba yake, papa kama anavyomwita, mchana. Papa anatoka yeye amelala, anarudi yeye anasinzia. Basi waliporuhusu watu kutoka asubuhi kufanya mazoezi, hao wawili wakashuka barabarani. Barabara yote ilikuwa tupu kama uwanja wa mpira. Wakatunga mchezo wao. Keza anavaa kizibao cha papa, kinamfika kwenye vifundo vya miguu. Papa ndiye gari: anainama, anashika usukani ambao haupo, ananguruma. Keza anampungia mkono, "Kuja, kuja, kuja... kata kidogo... simama!" Halafu anamwonyesha dole gumba kama papa anavyofanya kazini, "Sharp, boss!"

Mama Gloria alikuwa anapiga makofi huko juu. Mimi nilicheka mpaka machozi.

Na gari lile lilisimama kila mara.

Sasa leo. Tangu watu waanze kurudi kazini, barabara imejaa tena. Nimeshuka na Keza kununua mafuta ya kupikia ng'ambo ya barabara. Pale ukingoni kamba ya barakoa yangu ikachomoka sikioni. Nikamwachia mkono ili niirudishe. Ni kitambo kidogo tu, kama cha kufunga kifungo. Kuinua macho, mtoto yuko katikati ya barabara, amesimama wima, kiganja mbele, anasema kwa sauti ya papa wake, "Simama!"

Lilikuwa gari la mikate.

  Nilisikia matairi yanalia, nikasikia mikate inaanguka huko nyuma ndani ya gari. Likasimama. Keza angenyoosha mkono angeligusa.

Akainua dole gumba. "Sharp, boss!"

Dereva akateremka, baba wa Kizulu, mtu mzima, barakoa imeshuka kidevuni. "Hau, sisi! Hau!" Sisi kwao ni dada. Akamtazama Keza, akanitazama mimi, akaenda kufungua mlango wa nyuma, akarudi na mkate. Nikamwambia hapana, baba. Akasema kwa Kiingereza cha kuvunjika kama changu, "Chukua. Ukichukua ndiyo nitaweza kuendesha."

Nimelia kwenye ngazi. Keza hakulia. Alie kwa nini? Ameinua mkono na gari limesimama. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yale matairi. Mtoto wangu leo amejua kwamba anaweza.

Mchana kutwa nilimngoja Baba Keza na maneno tayari mdomoni. Unaona mchezo wako. Unaona. Akarudi jua bado liko juu ya majengo, anapiga mluzi, parachichi mbili mkononi. Maegesho yalijaa leo, pesa imepatikana mapema. Kabla sijafungua mdomo, Keza amemrukia.

"Papa! Nimesimamisha gari kubwa! La kweli!"

Mluzi ukakatika. Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilipoona uso wake, maneno yangu yote yakaisha.

Hakufoka. Alimshika Keza mkono, tukashuka wote watatu mpaka mbele ya jengo, ambapo jirani ameegesha gari lake. Ndani hamna mtu. Papa akachuchumaa.

"Haya, liite hilo."

Keza akapunga. Kuja, kuja, kuja. Gari kimya. Akapunga tena, sasa kwa hasira. "Papa, limekataa."

"Halijakataa, mama. Halisikii. Gari halina masikio, halina macho. Mimi sijawahi kusimamisha gari hata siku moja. Mimi nasimamisha mtu."

Akamweleza kazi yake ilivyo, na mimi nikasikiliza, maana hata mimi hakuwahi kunieleza. Kwanza anatafuta macho ya dereva kwenye kioo. Akiyapata, ndipo anainua mkono. Asipoyapata, hapiti nyuma ya gari hilo, hata liwe la nani.

"Na kama haniangalii?"

"Tunangoja."

"Na kama haangalii kabisa kabisa?"

"Tunangoja kabisa kabisa. Na mkono wako unakuwa wapi?"

Keza akautazama mkono wake. Akauweka ndani ya wa papa.

Wakasimama ukingoni, magari yanapita, Keza anatangaza kila dereva. Huyu hajatuona. Huyu hajatuona. Huyu ametuona, iko na miwani! Mama Gloria akachungulia kutoka balkoni. "Baba Keza, munangoja nini hapo? Taxi?"

"Macho!" Keza akamjibu.

"Macho? Eish, watu wa Burundi!"

Tumecheka. Mimi nilikuwa bado na machozi, lakini nimecheka.

Sasa naandika hapa mezani. Mkate wa yule baba tumeukata na parachichi, umebaki ncha tu. Jina lake sikuuliza. Mguu wake uliwahi breki, na kwa ajili ya mguu ule nina mtoto anayenivuta kanga hapa, anataka ile ncha iliyobaki. Nimshukuru nani kwanza, yeye au Mungu?

Ile miezi siwezi kuichukia kwa sababu ya leo. Ilimpa Keza baba wa mchana. Ilinipa shuka nyeupe na kelele za ndege, na njaa pia, lakini njaa tulivuka nayo.

Barabara inanguruma huko chini. Kesho asubuhi dirisha litakuwa jeusi tena, na mimi nitapiga magoti kuomba magari kama kawaida. Yaje mengi, Mungu. Ila kila moja lije na mtu anayeangalia mbele, na chini kidogo, pale kichwa cha Keza kinapofika.