Mwanafunzi wa Kitindamimba Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejua kwamba binti yangu ni mwalimu! Si wa chaki. Wa mtandaoni. Kitindamimba wangu, ambaye mchana anapanga magazeti ya zamani pale maktaba, jioni anaandika kwenye ile ensaiklopidia ambayo dunia nzima inaisoma bure. Neno refu kama treni, lakini nimelishika. Kumbe miaka minne sasa, na mimi nikidhani anachati na mchumba. Kurasa mia mbili na kitu zimepita mkononi mwake.

Nikamwuliza mbona jina lake silioni popote. Akasema wengi pale hawatumii majina yao. Yeye anaitwa Kalamu Butu. Butu! Mtoto niliyemzaa mimi, aliyeshika namba moja darasani mara tano, ajiite butu. Nikamshauri aweke Kalamu Kali. Amecheka mpaka chai ikampalia.

Sasa wamempa kazi ya kulea wahariri wapya, na mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana. Anajiita Mwanafunzi Mtiifu. Anataka kuboresha ukurasa wa maisha ya mtu mmoja. Nani? Daktari Mwanzilishi! Daktari wetu, mwenye hospitali ninayofulia shuka mwaka wa kumi na tisa huu. Nimeruka kutoka kwenye kochi, goti likalalamika.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa nyuma ya Kitinda jioni nzima nikijifanya nashona vifungo. Mwanafunzi wake ameandika: bingwa asiye na mfano, baba wa wanyonge, mikono ya dhahabu. Kitinda kafuta yote. Anafuta sifa kama mimi ninavyotoa madoa — taratibu, maji baridi kwanza. Anamweleza kwamba pale huandiki mtu ni mzuri kiasi gani, unaandika alifanya nini, lini, na nani alilichapisha. Mwanafunzi anajibu: asante sana mwalimu wangu, niko miguuni pako. Kitinda akaguna. Kasema adabu hiyo ni nyingi mno.

Alimwuliza pia, kwa heshima, kama anamfahamu Daktari au anamfanyia kazi, maana pale ukiwa mtu wa karibu unatakiwa useme wazi. Akajibu hapana, yeye ni mwananchi tu anayempenda.

Na mimi nikatoa mchango. Hospitali ilianzia kwenye vyumba viwili vya kupanga! Daktari anatusalimia madobi kwa mkono! Kitinda hakuandika hata kimoja.

"Mama, wewe si chanzo."

Niliudhika, sitaki kudanganya. Akanibembeleza. Eti ulichokiona kwa macho hakihesabiki pale mpaka kiwe kimechapishwa na mtu asiye na maslahi. Miaka kumi na tisa, najua mpaka rangi ya soksi za Daktari, lakini si chanzo. Haya.

Ijumaa, 7 Machi

Mwanafunzi ameweka picha. Daktari anakata utepe kwenye chumba kipya cha kufulia. Na pembeni, jamani — kiwiko changu! Kiwiko changu na ncha ya kitambaa changu cha kijani, dunia nzima inaviona.

Halafu nikakumbuka. Siku ile simu zetu zote zilibaki getini. Aliyepiga picha ni mtu mmoja tu, kwa kamera ya ofisi: Katibu wa Daktari. Kwa hiyo Mwanafunzi Mtiifu ni Katibu! Kijana wa suti, ambaye hata Matroni humwamkia kwanza, anafundishwa na mwanangu!

Kitinda alikuwa anaoga. Sikumwambia. Nataka nimshangaze. Nitaanza na Katibu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya. Nilibeba makoti ya Daktari, yamepigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe, nikapanda ghorofa ya tatu. Nikamwambia Katibu huku nacheka: yule mwalimu wako anakula kwangu.

Aliacha kuandika. Akaniuliza polepole kama Kalamu Butu ni binti yangu. Nikasema huyo huyo, wa tumbo hili.

Akatabasamu. Akainuka akafunga mlango. Akanipa kiti! Sijawahi kuketi ofisi ile tangu niajiriwe. Akauliza anafanya kazi wapi, maktaba ipi, anatoka saa ngapi, anaishi nami au peke yake. Nikamjibu yote na nyongeza juu, habari ya namba moja mara tano nayo ikaingia. Mwisho akaomba iwe siri yetu, mwanafunzi asije akaaibika mbele ya mwalimu. Nikaona ni unyenyekevu.

Nimeshuka ngazi kifua mbele. Ila mkononi bado nilikuwa na koti moja, nilisahau kumpa. Sijui kwa nini sikutaka kurudi.

Jumatano, 12 Machi

Kitinda karudi, kaingia mpaka jikoni na viatu. Alikuwa anamtafutia mwanafunzi wake habari za hospitali kwenye magazeti yaliyojalidiwa. Akakuta ya miaka kumi na moja iliyopita. Wodi ya tatu. Mtambo wa oksijeni ulizimika, watu wanne wakafa. Tume ikaundwa, ripoti ikatoka, gazeti likaichapa: mtambo haukukaguliwa miaka miwili, na Daktari alikuwa ameandikiwa barua ya onyo, akaisoma, akaiweka kando.

"Mama, ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwa kwenye mashine zangu, dobi atajua nini habari za mitambo. Ni kweli. Halafu si kweli. Shuka za vitanda vinne ziliteremka kabla hata hatujawasha maji ya moto, na tukaambiwa tusiziandike kwenye daftari la wodi. Tukazifua. Wiki iliyofuata mimi nikapandishwa kuwa msimamizi wa chumba cha kufulia. Nilikununulia sare mpya, Kitinda, mwaka ule. Mambo hayo mawili sijawahi kuyaweka pamoja mpaka leo ninapoyaandika.

Kaongezea aya moja ukurasani. Mistari mitano, vyanzo vitatu, hakuna sifa wala tusi. Kwa mwanafunzi wake kaandika kwa upole kwamba maisha ya mtu huandikwa yote, si nusu.

Nimeisoma mistari ile mara nne. Kila mara nilitamani iwe mifupi zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Aya imefutwa. Kitinda kairudisha. Imefutwa tena. Mwanafunzi Mtiifu hasemi asante siku hizi, hasemi kitu.

Kitinda hana wasiwasi. Kasema kila kilichoandikwa pale kinabaki kwenye historia ya ukurasa, hata ukifuta. Na zaidi ya hapo, hakuna anayemjua yeye ni nani. Kalisema hilo huku anamenya vitunguu, kwa furaha kabisa.

Mimi nikaenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewaka.

Ijumaa, 14 Machi

Katibu kashuka mwenyewe kwenye chumba cha kufulia. Katikati ya mvuke, na suti yake. Wasichana wangu wakaacha kukunja. Akawa anapita anagusa shuka zilizokunjwa, moja moja, kama mnunuzi. Akaniita Mama yangu. Kasema Daktari amesikia habari za binti yangu na amefurahi, vijana wenye kipaji ni wachache. Akaongeza kwamba ni vizuri kijana awe na kazi ya uhakika, hasa mkataba wa maktaba ukiwa unaisha mwezi wa sita.

Sikumwambia habari za mkataba. Nimejipekua kichwani mchana kutwa. Sikumwambia.

Jumatatu, 17 Machi

Jumamosi mtu alifika maktaba, mpole, mnene kidogo, akaomba magazeti ya mwaka ule. Akaandika jina ambalo halisomeki. Akakaa robo saa, akashukuru, akaondoka. Leo Kitinda kafungua jalada. Kurasa tatu hazipo. Zimekatwa kwa wembe, safi, kufuata mshono. Na nakala nyingine hakuna, gazeti lenyewe lilishakufa zamani.

Jioni Mwanafunzi Mtiifu akavunja ukimya. Kaandika mbele ya wahariri wote: vyanzo hivi havipo popote, Kalamu Butu amevitunga, aonyeshe ushahidi au aondolewe.

Kitinda alisoma, akatoa simu yake. Siku ile ya kwanza alizipiga picha kurasa zote tatu. Ziko kwenye simu tu, kwingine popote hazipo. Hajamwambia mtu. Kaniambia mimi.

Nilitaka kuongea hapo hapo. Mdomo niliufungua kabisa. Nikamwuliza kama atakula.

Jumanne, 18 Machi

Nimeitwa ghorofa ya tatu. Kiti kile kile. Ijumaa saa nne asubuhi, Daktari anataka kumwona binti yangu. Ampongeze, na ampe kazi ya kuandika historia ya hospitali, mshahara mzuri, ofisi yake mwenyewe. Nikauliza kwa nini wasimwite wao kwa barua. Katibu kasema:

"Mlete wewe, Mama. Wewe anakuamini."

Akaniambia pia, kama anayesimulia habari za hali ya hewa, kwamba kazi ya kufulia huenda ikapewa kampuni mwisho wa mwezi, na Daktari bado anaangalia nani abaki.

Sikubeba makoti leo. Nilishuka mikono mitupu na bado ilikuwa mizito.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia Kitinda ameitwa. Nimesema nilijisifu kwa Daktari kwamba nina binti anayeandika vizuri, basi kavutiwa. Si uongo wote. Kitinda kaweka kijiko chini.

"Anajua kuhusu ule ukurasa?"

Nilisema hapana. Naliandika hapa kwa sababu kwingine siwezi kulisema. Nilisema hapana, tena haraka, na nikamwongezea mchuzi.

Kafikiri sana. Halafu kasema atakwenda, pengine ni nafasi ya kumsikia Daktari kwa upande wake, hata yeye ana haki ya kusikilizwa. Huyu mtoto nimemlea mimi. Nani mwingine ana mtoto wa hivi?

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi. Kavaa ile sketi ya bluu niliyomshonea. Nimempigia pasi kola mara mbili. Njiani kila mtu aliyetusalimia nilimwambia huyu ndiye mwanangu. Ilinitoka yenyewe. Mazoea.

Saa tano kasoro. Niko kwenye benchi, ghorofa ya tatu, naandika hapa hapa. Niandike ilivyokuwa.

Tulipofika Katibu alifungua mlango kabla hatujabisha. Hakuniangalia mimi. Kamwangalia yeye, akasema:

"Karibu ndani, Kalamu Butu."

Kitinda hakugeuka mara moja. Aligeuka polepole. Akaniangalia. Si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Aliniangalia kama siku ile ya kwanza ya shule, nilipomwachia mkono getini. Akatoa simu mfukoni, akaiweka kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Nishikie, Mama. Usimpe mtu."

Akaingia. Mlango ukafungwa. Nilisikia ufunguo.

Saa tano na dakika ishirini. Sauti ya Daktari nimeisikia, ile ile ya kusalimia madobi, haijapanda hata kidogo. Ya Kitinda siisikii.

Matroni kapita. Aliniona, akaona mlango, akageuza njia. Yeye pia alikuwepo mwaka ule.

Mlinzi wa getini kapanda. Kasimama pale ngazi zinapoanzia. Huyu nilimfulia kanzu ya harusi yake, bure. Nimemwamkia, kaitikia akiangalia ukuta.

Saa sita kasoro. Katibu katoka. Kafunga mlango nyuma yake. Kasema binti yangu ameomba simu yake, na namba ya kuifungulia kama naijua, anataka kurekebisha jambo dogo yeye mwenyewe. Nikasema aje aichukue. Kasema amechoka kidogo. Amechoka na nini, amekaa kitini? Katabasamu. Kasema Mama, usifanye jambo liwe kubwa. Kanikumbusha mwisho wa mwezi uko karibu.

Namba naijua. Ni mwaka wangu wa kuzaliwa.

Simu iko mkono wa kushoto, chini ya daftari hili, juu ya paja langu, ina joto. Katibu amesimama mbele yangu, mkono kaunyoosha, viatu vyake vinang'aa. Mlinzi kasogea hatua mbili. Nimemwambia Katibu asubiri kidogo, namalizia sentensi, na sentensi yenyewe nairefusha, sijainua kichwa, naandika tu kwamba ni Ijumaa na ni mchana na watu wanapita, na mwanangu yuko nyuma ya mlango wa kahawia wenye kitasa cha shaba, na mimi ndiye niliyemleta, na mkono wa kulia unaandika, na wa kushoto haujafunguka bado, na sasa ananiambia Mama inatosha, na mimi namwambia bado, baba, bado kidogo tu, na