Injini ya Baba Yenye Ubavu Uliogeuka

Changamwe, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Najua kwetu Butere hatuamkiani hivyo, lakini huku pwani mdomo umeshazoea, siku hizi namwamkia hata paka wa mwenye nyumba. Kabla hujasonga mbele, barua hii usiisome kwa sauti. Nakujua. Ukipata karatasi yoyote, hata iliyofungia sukari, lazima umsomee Baba. Hii nenda nayo jikoni, ujifanye unachochea moto. Ndiyo maana sikupiga simu: simu yako haijui kunong'ona, na Baba husikia hata nikimeza mate.

Goti lako linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyotuma ilisaidia, au umempa Shangazi Rispa kama ile ya kwanza? Na yule ng'ombe mweusi amezaa? Mimi ni mzima. Joto la huku halina adabu, maji ya bomba yanakuja yakitaka, na malori ya mafuta yananguruma mlangoni mwangu kama yamelipa kodi. Lakini kazi ipo, chumba hakivuji, na mboga ya mrenda naipata sokoni Kongowea ikiwa bado na umande wa bara. Kwa hiyo usinihurumie sana. Nihurumie kidogo tu.

Sasa nikujibu. Uliniuliza ile picha ya ukutani niliyokuomba uipige kwa simu naitakia nini, ile ya Baba akiwa kijana mchochea moto wa reli, amesimama kwenye ngazi ya injini, mkono mmoja umeshika chuma na kofia imekaa upande. Nimemtengenezea Baba injini ile, Mama. Ndiyo iliyomo katika boksi hili. Urefu wake ni kama mkono wangu, na imetengenezwa kwa mbao, tangu magurudumu mpaka bomba la moshi.

Wazo lilinijia siku uliyonisimulia habari ya katekista. Ulisema aliketi kwetu akawaambia watoto kwamba gari moshi la Butere lilikuwa likichoma kuni, na Baba yuko pale pale, akanyamaza. Baba huyu huyu aliyewahi kumsimamisha padri mlangoni mwa kanisa ili amrekebishe habari za breki! Baba aliyetufundisha kwamba injini yake haikula kuni bali mafuta mazito, na habari za vali, na koleo la mchanga la kutupa motoni ili masizi yatoke kwenye mabomba, kabla hata hatujajua kugawanya hesabu. Ukasema tangu macho yalipozima, kila kitu anawekewa mkononi na kuambiwa, hiki kikombe, hili shati, na kwamba siku moja alisema, “Sasa mimi ni mtu wa kuambiwa.” Maneno hayo yalinichoma. Nilikwenda chooni kiwandani nikalia, kisha nikarudi kazini nikivisingizia vitunguu, na kiwandani kwetu hakuna jiko.

Unajua kazi yangu ni kuchora maboksi, kwa hiyo kupanga vipande bapa vikunjwe na kushikana kulinijia kwa urahisi. Shida ilikuwa vipimo, kwa maana picha haina rula. Basi nikamfanya Baba mwenyewe kuwa rula. Kimo chake nakijua, alama yake ipo kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, juu ya zetu zote. Nikampima kwenye picha, halafu nikapima injini kwa Baba: magurudumu yanamfika wapi, dirisha liko juu ya kofia yake kiasi gani. Nikaunda ya kwanza kwa karatasi ngumu za maboksi, ikasimama vizuri juu ya meza yangu.

Lakini karatasi ingebonyea mikononi mwake, nami nilitaka mbao, na visu vya kiwandani kwetu havikati mbao. Nikaelekezwa Bombolulu kwa Bi Zuhura, mama mmoja mtu mzima mwenye mashine ya leza. Hukata mbao kwa mwali wa mwanga, Mama, kama wembe unaotoa moshi. Kazi yake kubwa ni zawadi za harusi, mioyo na majina ya maarusi na vibao vya milangoni. Karakana wanachangia na Karisa, fundi wa kukereza mbao anayetembea kwa magongo na kucheka kabla hujamaliza kusema. Karisa alinikerezea tangi la mvuke na magurudumu. Bi Zuhura alinifundisha kwamba mwali hula mbao kidogo kila unapopita, kwa hiyo matundu yachorwe yakiwa yanabana, la sivyo vipande vitacheza kama jino la mtoto. Nilimpa michoro yangu. Ubavu wa kibanda cha dereva, wenye dirisha na ribiti zake, vile vichwa vya pini za chuma, niliuchora mmoja, nikamwambia akate mbili.

Siku ya kuchukua vipande nilianza kuviunga pale pale kwa pupa. Ubavu wa dereva ukakaa sawasawa. Nikachukua ubavu wa mchochea moto, upande wake Baba, nikaugeuza ili dirisha likae upande wa mbele kama la mwenzake, na ribiti zote zikaingia ndani. Nje kukabaki kutupu kama kibao cha kukatia sukumawiki. Na chini ya dirisha, kwenye kila ubavu, palikuwa na herufi kubwa zilizochimbwa ambazo mimi sikuzichora: MOTO WAKO UMETUFIKISHA.

“Bi Zuhura, hii ni nini?”

“Mbavu zako, mwanangu. Si ulisema mbili? Nimekukatia doti.”

Doti, Mama, ni kanga mbili zilizo sawasawa, na huku hakuna mtu anayenunua moja. Zawadi zake zote za harusi hukata hivyo, cha bwana na cha bibi, havitofautiani hata nukta. Haikumpitia akilini kwamba ubavu wa kulia na wa kushoto hutazamana. Wala mimi haikunipitia kumwambia.

“Na haya maneno?”

“Kanga itakuwa haina jina? Zawadi ya mzazi iende bubu?” Alinitazama kama niliyelelewa porini, nisiyejua kwamba maneno ya kanga ndiyo jina lake. “Ulinambia babako alikuwa akitia moto, watu wakafika wendako. Nikaona jina lake ndilo hilo.”

“Injini huandikwa nambari. Baba atasema nimelivisha gari moshi kanga.”

“Nambari ulitaka kuipaka rangi. Hiyo rangi ataionaje, nawe wasema macho hayaoni?”

Karisa akasema nipewe maji, nina hasira za bara. Bi Zuhura naye, muungwana yule, hakungoja nimlaumu zaidi. “Basi kosa la ubavu ni langu. Nitakukatia mwengine sasa hivi, wallahi hutoki hapa na huzuni.” Akatandika mbao nyingine, na feni ya mashine ikaanza kuvuma.

Nikamwambia angoje. Nilikuwa nimefumba macho, Mama, ule ubavu ukiwa mkononi, nikijaribu kuushika kama Baba atakavyoushika. Vidole vyangu viligundua kosa mara moja, mimi ambaye injini ya mvuke sijaiona ikitembea hata siku moja. Je, vyake? Injini isiyo na dosari angeipapasa, angesema asante mwanangu, angeiweka mezani na kurudi kwenye ukimya wake. Hii hataweza kuivumilia. Nikamwambia Bi Zuhura azime mashine, ubavu ule nauchukua hivyo hivyo. Akadhani namstahi. Nikamweleza sababu, na yeye akajifuta macho kwa ncha ya mtandio akisema ni moshi.

Kitu kimoja tu nilimwomba, anikatie kibao cha nambari, tarakimu zikiwa zimeinuka kama zilivyo kwenye picha. Nikakigundisha juu ya maandishi ya upande wa dereva, kwa maana huko nje, mahali pa nambari, Baba hatanisamehe maneno ya kanga. Kwa hiyo maneno yamebaki mahali pamoja tu, ndani ya kibanda, chini ya dirisha alipokuwa akiegemeza kiwiko. Paa linafunguka. Akianza kuzitafuta ribiti zilikoingia, mkono wake utayapitia.

Basi nakuomba hivi. Mpe boksi akiwa ameketi kwenye kiti chake cha barazani. Usimwambie ni nini. Usimwambie imetoka wapi, wala imetengenezwa na nani. Najua utawashwa ulimi, lakini siku moja tu, Mama, usimsomee. Mwache asome mwenyewe.

Salamu kwa Shangazi Rispa, na dawa ya goti airudishe. Msalimie kaka yangu Ambani na shemeji, waambie picha ya mtoto nimeiona na pua ni ya kwetu. Bonifasi, mwana wa Shangazi, aliyekubali kulipakata boksi hili ndani ya basi tangu Mombasa, umpikie kuku. Na katekista msalimie kwa moyo mkunjufu, umwambie aje kumtembelea Baba Jumapili ijayo, awasimulie watoto tena habari za kuni.

Baba akiitisha simu na kuuliza ni fundi gani mpumbavu aliyezitia ribiti ndani, usimtulize. Mpigie namba yangu, umshikishe simu, uende zako shambani.

Ni mimi mwanao, ninayengoja kugombezwa,
Awinja