Langoni mwa Thimlich Ohinga

Jumapili, Migori

Sijamwambia mtu yeyote: sitaki uuguzi. Nataka kutembeza wageni.

Leo mjomba alinibeba kwenye gari lake akiwapeleka wageni wawili Thimlich Ohinga, ule mji wa kale wa mawe. Langoni mmoja akauliza mbona mlango mfupi hivi. Mjomba, dereva tu, akanigeukia. "Nyathina, mwanangu, si wewe umesoma? Waambie."

Nikasema, mimi! "Adui aingie ameinama, kichwa kwanza. Walinzi wanamngoja ndani."

Mgeni akachungulia. "Bado wako?"

Tulicheka sana! Nikaeleza kuta zote mpaka koo likakauka.

Lakini mama ameshatangazia kanisa zima kwamba mwanawe anakuwa nesi…

Wewe unayesoma hapa, nyamaza, tafadhali. Acha mama aisikie habari hii kwangu.