Jina Litatoka kwa Bibi

Lusahunga, Biharamulo
9 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Wiston,

Shikamoo. Habari za Morogoro, na miguu ya Mama Clever imepoa? Sisi wazima. Mwanangu ananyonya mpaka anakoroma.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikianza tu unasema mtandao mbaya.

Mjomba, vile vidonge vya usingizi ulivyompa dereva wa lori amletee Bibi, usitume tena. Najua ulituma kwa upendo. Lakini Bibi alikuwa anavimeza pamoja na vya mafua vya dukani, navyo vinalewesha. Akawa hanijui. Anashika kisu na ndizi, ananiuliza alitaka kufanya nini.

Mama mdogo Felisita akasema ni uzee, kichwa kimeisha, kwa hiyo mtoto apewe jina na mwenye akili, yaani yeye. Siku ya kumtoa mtoto nje apewe jina, wageni wameshakaa, kuku yuko jikoni, mimi nikagoma. Kwetu kitukuu wa kwanza anapewa jina na Bibi. Nikarudi ndani na mwanangu, nikafunga mlango. Walisema nina kiburi cha darasa la saba. Na hilo la saba lenyewe sikulimaliza.

Kesho yake nikafunga vidonge vyote vya Bibi kwenye kanga, tukaenda kituo cha afya. Daktari akavimwaga mezani. Alisema mwili wa mzee unachelewa kutoa dawa, na zile mbili pamoja zinavuruga kumbukumbu. Vya mafua akavikataza. Vya usingizi alivipunguza pole pole mpaka vikaisha, akanionya nisivikatishe ghafla mwenyewe. Vya presha anaendelea navyo. Hakuniahidi kwamba kila kitu kitarudi.

Na kweli bado anasahau. Ila juzi alinifukuza jikoni, eti naunguza maharage ya watu. Nikajua amerudi. Jana Jumapili nikawaita wote tena, Mama mdogo akaja amenuna. Bibi akampokea mtoto, akatoka naye uani, akamwangalia sana.

"Huyu ni Anastazi, mume wangu," akasema. "Anayetaka jina lingine azae wake."

Mama mdogo mwenyewe alicheka. Basi Mjomba, mtoto anaitwa jina la baba yako, na aliyelitoa ana akili zake.

Msalimie Mama Clever, Clever na Diana. Mungu awalinde nyumba nzima.

Mpwa wako akupendaye, hata akikugombeza,
Joyness